Kasumba, Sauti na Nafsi: Filamu ya Scanners na Majaribio ya Montreal

Katika lugha yetu neno kasumba lina maana mbili. Maana ya kwanza ni afyuni, yaani kileo kile kinachomlegeza mtu viungo na kumlaza. Maana ya pili ni fikra alizotiwa mtu na wengine mpaka akazidhani kuwa ni zake mwenyewe. Ndiyo sababu mtu aliyejidharau mbele ya wageni aliambiwa kwamba ana kasumba ya kikoloni. Wenye lugha walizitia dawa na fikra ndani ya neno moja, kana kwamba walijua tangu zamani kwamba mambo hayo mawili yaweza kupita katika mlango mmoja. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi dawa na maneno yalivyotumiwa pamoja juu ya wagonjwa katika mji wa Montreal, Kanada, katika miaka ya 1950 na 1960. Yafaa tuanze na filamu iliyotufikisha kwenye historia hiyo.

Ilikuwa jioni, mwisho wa semina ya walimu wa Kiswahili jijini Kampala. Mvua ilitufungia bwenini, na mwenzetu mmoja kijana alikuwa na filamu ya zamani katika kompyuta yake. Maneno ya filamu hiyo ni ya Kiingereza, ilhali wenzetu waliotoka Bujumbura na Bukavu walisoma kwa Kifaransa. Basi kijana yule akajitolea kutufasiria kwa Kiswahili, kwa mtindo wa wale wafasiri wa vibanda vya video vya Kampala, ambao husimulia filamu za kigeni kwa Kiganda huku picha zikiendelea. Alifasiri kwa ufasaha mpaka tulipofika mahali ambapo mtu mmoja amefungwa kitandani akisubiri kufanyiwa jaribio. Hapo akasema, "Kiumbe kimefungwa." Mwalimu mmoja mzee akamsahihisha papo hapo: "Kiumbe amefungwa, mwanangu. Ana roho huyo." Tukacheka sote, na filamu ikaendelea. Wakati huo hatukujua kwamba sahihisho lile dogo lingetufaa baadaye.

Kisa cha filamu

Filamu yenyewe inaitwa Scanners. Ilitungwa na kuongozwa na David Cronenberg, mzaliwa wa Toronto. Ikapigwa Montreal na viunga vyake mwishoni mwa mwaka 1979, na ikaanza kuonyeshwa mwezi wa Januari 1981. Ni filamu ya aina ile ambayo kitisho chake hakitokani na jini wala mzuka, bali hutokana na mwili wa binadamu: nyama, mishipa na ubongo humwasi mwenyewe.

Cameron Vale ni mtu asiye na makao. Tunamkuta katika jumba la maduka akila mabaki ya chakula yaliyoachwa mezani. Wanawake wawili waliokaa karibu wanamtazama kwa dharau, naye anayapata mawazo yao kichwani mwake. Anapoyakazia fikra, mmoja wa wanawake hao anaanguka na kutetemeka mwili mzima. Vale anakamatwa na kupelekwa kwa Dakta Paul Ruth, mtaalamu anayeitumikia kampuni ya silaha na ulinzi iitwayo ConSec. Hapo ndipo anapofungwa kitandani. Kisha watu wengi wanaingizwa chumbani na kuketi vitini mbele yake. Hakuna hata mmoja anayefungua kinywa, lakini kwa Vale chumba kizima kimejaa kelele, kwa kuwa mawazo ya kila mmoja yanamwingia bila kubisha hodi. Anapiga mayowe. Dakta Ruth anamdunga sindano ya dawa iitwayo Ephemerol, na sauti zote zinazimika.

Baadaye tunaelezwa asili ya jambo hili. Ephemerol ilikuwa dawa ya kutuliza waliyopewa wanawake wajawazito, na watoto wao ndio waliozaliwa na uwezo huu wa kuingia katika akili za watu. Aliyeivumbua ni Dakta Ruth mwenyewe, naye ndiye baba wa Vale na wa adui yake, Darryl Revok. Revok anakusudia kuwanywesha dawa hiyo wajawazito wengine wengi ili apate jeshi lake.

Watu wengi huikumbuka filamu hii kwa tukio moja tu: Revok anaikaza akili yake juu ya mtu aliyeketi karibu naye mbele ya hadhara, na kichwa cha mtu huyo kinapasuka. Kwa hakika lilikuwa ni sanamu la kichwa lililojazwa makombo na vitu vingine, likapigwa kwa nyuma kwa bunduki ya marisau. Wenzetu wawili walifunika macho. Hata hivyo, yaliyotukaa moyoni ni mambo mengine mawili, yaliyo kimya zaidi. La kwanza ni picha ya Revok alipokuwa kijana hospitalini: amejitoboa tundu katika paji la uso ili watu waliomjaa kichwani wapate pa kutokea. La pili ni habari ya mchongaji mmoja, Ben Pierce, ambaye husalimika na wazimu kwa sababu ya kazi yake ya sanaa. Ndani ya karakana yake kuna sanamu kubwa la kichwa, nao Vale na Pierce wanaingia na kuketi humo kuzungumza. Mtu amelazimika kujijengea kichwa cha pili ili apate faragha aliyoikosa katika kichwa chake cha kwanza.

Filamu ilipokwisha, mwenzetu wa Bujumbura akauliza kama mambo hayo yana ukweli wowote au ni ndoto za watengenezaji filamu. Hapakuwa na aliyeweza kumjibu vizuri usiku ule. Yafuatayo ndiyo majibu tuliyoyapata kwa kusoma.

Dawa iliyopita katika mimba

Sehemu ya kwanza ya jibu ni kwamba dawa ya namna ya Ephemerol ilikuwapo kweli, ingawa matokeo yake hayakuwa nguvu za ajabu bali ulemavu na vifo. Dawa ya thalidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1957 kwa ajili ya kuleta usingizi, na wajawazito wakaitumia kupunguza kichefuchefu. Iliondolewa sokoni huko Novemba 1961, baada ya kugundulika kwamba watoto walikuwa wakizaliwa na mikono na miguu mifupi mno, au bila viungo hivyo kabisa. Watoto walioathirika duniani wanakadiriwa kuwa zaidi ya 10,000. Nchini Kanada dawa hiyo iliendelea kuuzwa hadi Machi 1962, miezi kadhaa baada ya Wajerumani kuiondoa.

Marekani iliepukana na sehemu kubwa ya msiba huo kwa sababu ya ukaidi wa mtu mmoja. Dakta Frances Kelsey, aliyekuwa mkaguzi wa dawa katika idara ya serikali, alikataa kuipitisha. Watengenezaji walimsukuma mara kwa mara, naye kila mara akawajibu kwamba hawajaleta ushahidi wa kutosha. Mama huyu alikuwa mzaliwa wa Kanada, na elimu yake ya dawa aliianza katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal. Yafaa jina la chuo hicho likumbukwe, maana tutakutana nalo tena katika habari ya namna nyingine.

Hofu ya akili kuoshwa

Vita vya Korea vilianza mwaka 1950. Mwaka huohuo mwandishi wa magazeti wa Marekani, Edward Hunter, alieneza neno jipya la Kiingereza lililotafsiriwa kutoka Kichina, lenye maana ya kuosha ubongo. Vita vilipokwisha mwaka 1953, wafungwa 21 wa Kimarekani walikataa kurudi kwao. Wakubwa wa nchi za Magharibi waliingiwa na hofu kwamba adui amegundua ufundi wa kuzigeuza akili za watu. Dawa waliyoitafuta kwa hofu hiyo ilikuwa ni kujifunza ufundi uleule walioulaani kwa adui.

Katika Chuo Kikuu cha McGill, Profesa Donald Hebb alianza mwaka 1951 kuchunguza hali ya mtu aliyenyimwa mambo ya kuona, kusikia na kugusa. Fedha zilitoka katika bodi ya utafiti wa ulinzi ya Kanada. Vijana 22 wa chuo walilipwa dola 20 kwa siku walale tu katika chumba kidogo, wamevaa miwani isiyopitisha sura ya kitu, glavu mikononi, na vikunjo vya karatasi ngumu vilivyofunika vidole. Wengi hawakuvumilia zaidi ya siku mbili au tatu. Fikra ziliwatawanyika, na baadhi yao waliona mazigazi. Vijana hao hawakuelezwa makusudi yote ya jaribio. Lakini waliingia kwa hiari yao, na aliyeshindwa alitoka akaenda zake. Tofauti hiyo ni kubwa, kama tutakavyoona.

Tarehe 13 Aprili 1953, mkuu wa Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, Allen Dulles, aliidhinisha mpango wa siri ulioitwa MKUltra. Mpango huo, uliosimamiwa na mkemia Sidney Gottlieb, ulitafuta dawa na mbinu za kuitawala akili ya binadamu. Dawa iliyopendwa zaidi ilikuwa LSD, inayomfanya mtu aone na kusikia visivyokuwapo. Wengine walinyweshwa bila kujua. Frank Olson, mwanasayansi wa jeshi, alitiliwa dawa hiyo katika kinywaji mwezi wa Novemba 1953. Siku chache baadaye alianguka kutoka dirisha la hoteli mjini New York, akafa.

Jumba la mlimani

Juu ya mteremko wa mlima ulio katikati ya Montreal lipo jumba la mawe liitwalo Ravenscrag, lililojengwa na tajiri wa meli, Sir Hugh Allan. Katika miaka ya 1940 jumba hilo lilifanywa hospitali ya magonjwa ya akili chini ya Chuo Kikuu cha McGill, likaitwa Allan Memorial Institute. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Dakta Ewen Cameron, mzaliwa wa Scotland.

Cameron hakuwa mganga wa vichochoroni. Mwaka 1945 alikuwa mmoja wa madaktari walioitwa Nuremberg kuipima akili ya Rudolf Hess, msaidizi wa Hitler. Baadaye alikuwa rais wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, na hatimaye rais wa kwanza wa chama chao cha dunia nzima. Katika mji huohuo wa Nuremberg, mwaka 1947, mahakama iliyowahukumu madaktari wa Kinazi ilitamka kwamba sharti la kwanza la jaribio lolote juu ya binadamu ni ridhaa yake, iliyotolewa kwa hiari na kwa kujua.

Waliofika kwa Cameron walikuwa watu wa kawaida: mama aliyeingiwa na huzuni baada ya kujifungua, mtu mwenye wasiwasi, mtu aliyekosa usingizi. Cameron aliamini kwamba mazoea mabaya ya akili yaweza kufutwa yote, na mahali pake yakapandwa mazuri. Tiba yake ilikuwa na hatua mbili.

Hatua ya kwanza tunaweza kuiita kufumua. Kila aliyewahi kuona mkeka ukifumuliwa anajua kwamba ukili hutoka mmoja baada ya mwingine mpaka yakabaki majani matupu. Wagonjwa walilazwa kwa dawa kwa majuma kadhaa. Walipigwa mishtuko ya umeme kichwani, mingi na mikali kupita kiasi cha kawaida cha tiba hiyo. Wengine walipewa LSD. Walisahau majina ya watoto wao. Wengine walisahau hata njia ya chooni, wakawa wa kulishwa na kusafishwa kama watoto wachanga.

Hatua ya pili ndiyo iliyotushtua zaidi sisi walimu wa lugha, maana chombo chake ni kilekile tulichokitumia madarasani: tepurekoda. Cameron aliieleza katika jarida la madaktari wa akili la Marekani mwaka 1956. Maneno machache yalirekodiwa katika ukanda ulioungwa ncha kwa ncha ili usiwe na mwisho. Kisha mgonjwa alisikilizishwa maneno hayo kwa spika iliyowekwa chini ya mto wa kulalia, au kwa vyombo vilivyofungwa masikioni, hata saa 16 kwa siku, siku nyingi mfululizo. Kwanza yalikuja maneno ya kumsuta, mara nyingine yaliyotolewa katika mazungumzo yake mwenyewe na daktari. Baadaye yakafuata maneno ya kumtia moyo. Sentensi moja iliweza kurudiwa mara mamia ya maelfu. Ikumbukwe kwamba miaka hiyohiyo vilikuwa vikiuzwa Marekani vyombo vilivyodaiwa kumfundisha mtu lugha za kigeni akiwa usingizini. Imani ilikuwa moja: kwamba neno likirudiwa vya kutosha litaingia, atake mwenyewe asitake.

Kuanzia mwaka 1957 CIA ilimpa Cameron fedha, zipatazo dola 60,000 kwa jumla, kwa kupitia taasisi ya utafiti iliyotumika kama pazia. Lakini isidhaniwe kwamba kosa lote ni la majasusi wa kigeni. Cameron alikwisha kuanza kabla ya fedha hizo, na serikali ya Kanada yenyewe ilimpa fedha pia. Aliondoka hospitalini mwaka 1964, na aliyemfuata akaisimamisha tiba hiyo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1967 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wagonjwa waliofumuliwa na kujibu maswali, asilimia 60 walipotewa na kumbukumbu za maisha yao, za miezi sita hadi miaka kumi kabla ya matibabu. Mwaka huohuo Cameron alifariki akiwa katika matembezi ya mlimani.

Waliodai sauti yao

Mwaka 1973 mkuu wa CIA wa wakati huo, Richard Helms, aliamuru majalada ya MKUltra yateketezwe. Lakini karatasi za hesabu za fedha zilikuwa zimehifadhiwa mahali pengine, zikasahauliwa. Mwaka 1977 zilipatikana, na baraza la Seneti la Marekani likaelezwa kwamba vyuo, hospitali, magereza na taasisi nyingine zipatazo 80 zilihusika. Wino wa mhasibu ulihifadhi kile ambacho wakubwa walitaka kisahauliwe.

Miongoni mwa waliosoma habari hizo ni Velma Orlikow wa Winnipeg, mke wa mbunge David Orlikow. Alikuwa mgonjwa wa Cameron katika miaka ya 1950, akapewa LSD na kusikilizishwa kanda. Desemba 1980 yeye na wenzake walianza kuishtaki serikali ya Marekani. Mwezi uliofuata filamu ya Scanners ikaanza kuonyeshwa. Hatudai kwamba mtunzi alikusudia kuisimulia habari ya jumba la mlimani. Kisa chake ni cha kubuni, na dawa yake inakumbusha zaidi thalidomidi. Tunalosema ni kwamba katika mji mmoja, kwa wakati mmoja, wasanii walikuwa wakitengeneza kichwa cha sanamu ili kipasuke, huku binadamu waliovunjwa vichwa kwa kweli wakihangaika wapate kusikilizwa.

Kesi ilichukua miaka minane. Oktoba 1988 CIA ilikubali kulipa dola 750,000 zigawanywe kwa wadai wote. Mwaka 1992 serikali ya Kanada iliamua kumlipa kila mgonjwa aliyefumuliwa kabisa dola 100,000, na watu 77 wakalipwa. Wengi wengine walikataliwa, kwa hoja kwamba hawakuharibiwa vya kutosha.

Funzo kwa walimu

Huenda msomaji akauliza jambo hili linawahusu nini walimu wa Kiswahili. Linatuhusu kwa sababu kazi yetu ni kuyatia maneno katika vichwa vya watu, na aghalabu tumeifanya kwa kurudia.

Sisi tuliosomea stashahada ya ualimu tulirithi mbinu ya kusikiliza kanda na kurudia, tukaitumia kwa bidii. Tunamkumbuka mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliyekariri umoja na wingi wa ngeli zote bila kukosea, tukajivuna naye. Siku moja akaja mgeni darasani, akamwuliza kwa upole, "Umekuja na nani leo?" Mtoto akasimama wima, akajibu kwa lafudhi safi: "Umekuja na nani leo?" Darasa lilicheka, naye akainama. Hakustahili kuchekwa yeye. Tulikuwa tumemfundisha kurudia kila sauti inayomfikia, wala hatukumfundisha kwamba sauti ya mwingine ni ya kujibiwa.

Hatusemi kwamba zoezi la darasani ni sawa na mateso ya Montreal. Kusema hivyo kungekuwa kuwakosea heshima walioteswa. Mwanafunzi wetu jioni hurudi kwao, na kesho aweza kutuuliza kwa nini. Lakini tofauti hiyo haijilindi yenyewe. Inalindwa na swali ambalo mtoto anaruhusiwa kuuliza, na nafasi anayopewa ya kusema kwamba hajaelewa au hakubali. Penye kurudia pasipo na swali, kasumba huingia, iwe na dawa au isiwe nayo.

Turejee sasa kwenye sahihisho la yule mwalimu mzee. Wanafunzi hutuuliza kwa nini tunasema "kiongozi amefika," "kipofu ameketi," "kiumbe amefungwa," ilhali maneno hayo yanaanza kwa ki- kama kiti na kisu. Jibu la sarufi ni fupi: umbo la neno ni la KI-VI, lakini akiwa mwenye uhai, upatanisho hurudi katika A-WA. Kiswahili hakikubali kiumbe mwenye roho aunganishwe na vyombo. Katika jumba la mlimani wasomi wakubwa waliwahesabu wagonjwa katika ngeli ya vitu, na nchi mbili zilichukua miaka mingi kuwarudisha katika ngeli yao. Tangu semina ile, kila tunapofundisha somo hilo, huwasimulia wanafunzi habari ya mama wa Winnipeg, kisha tunawaachia nafasi ya kuuliza.